Miche Kumi na Minane

Kila asubuhi Narae alikunja magodoro mawili, lake na la bibi yake, akayasimamisha ukutani ili meza ipate nafasi. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja cha bati. Serikali iliwapa baada ya moto kuteketeza kijiji cha Songhari miaka miwili nyuma. Bibi alipakua wali na supu ya maharage, wakala bila maneno mengi, kisha Narae akavaa begi lake la shule. Kila alipofungua mlango, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa mlima. Ulikuwa mweusi mpaka kileleni.

Zamani mlima ule ulikuwa msitu wa misonobari, na chini yake uliota uyoga ambao watu wa mjini waliununua ghali kuliko nyama. Bibi aliuchuma kwa miaka arobaini. Mahali pake pa siri hakumwonyesha mtu, hata binti yake mwenyewe, mama yake Narae, ambaye sasa alifanya kazi kiwandani mbali. Siku hizi hapakuwa na siri yoyote ya kutunza.

Baada ya moto wanakijiji walipanda miche, jua likaikausha yote. Mwaka huu, mwezi wa nne, walipanda tena. Watoto tisa wa shule ya kijiji walipewa kazi ya kufunika miche kwa nyavu, kwa sababu gorani, wale paa wadogo wasio na pembe, walishuka kutafuta majani na kung'ata kila kichipukizi. Kila mtoto alipata miche thelathini. Kila mche ulivishwa wavu mrefu kama soksi, ukashikizwa ardhini kwa vijiti viwili vya mwanzi.

Narae alipewa safu ya juu kabisa. Upepo ulikuwa mkali, vidole vikafa ganzi. Alipomaliza mche wa kumi na mbili alimsikia Babu Pyo, jirani yao, akizungumza na mwenyekiti wa kijiji safu ya chini.

"Tuseme miche imemea," alisema Babu Pyo. "Uyoga utataka miaka thelathini mingine. Mimi nina sabini na nane. Tunampandia nani?"

"Usiseme hivyo mbele ya watoto," mwenyekiti akajibu kwa sauti ndogo.

"Wana macho. Wanaona wenyewe."

Narae aliketi kwenye majivu. Aliitazama miche yake, vijiti vidogo visivyofika hata gotini. Akaona Babu Pyo amesema kweli. Kulikuwa na kisiki kilichoungua ndani kikabaki tupu. Akazisukuma nyavu kumi na nane humo pamoja na vijiti vyake, akafunika kwa gome, akashuka.

"Umemaliza?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nimemaliza."

"Na ile safu ya upepo! Wewe ni jembe." Akampa kiazi kitamu cha kuchoma, bado cha moto. Narae alikila chote.

Siku sita baadaye wanakijiji walikutana mlimani. Miche kumi na minane ya safu ya juu ilikuwa imeng'atwa mpaka chini.

"Nyavu ziko wapi?" Seulbi, rafiki yake Narae, aliuliza. "Narae, si ulizifunga?"

Macho yote yakamgeukia.

"Nilifunga," akasema. "Labda... labda gorani wamezivuta."

"Wamezivuta!" Babu Pyo alitupa kofia yake chini. Moto ulikuwa umemteketezea nyumba na mizinga sitini ya nyuki, na tangu siku ile hakuna aliyemwona akicheka. "Nilisema mimi! Nyavu ni upuuzi. Mnyama mwenye njaa humzuii kwa soksi. Mniachie mimi."

"Mitego ya waya imekatazwa, Mzee Pyo," mwenyekiti akamwonya.

"Basi njoo unikamate."

Hakuna aliyembishia tena. Watu walikuwa wamechoka. Narae alitaka kusema, lakini aliogopa. Akajiambia kwamba gorani wana akili, wataiona mitego na kuikwepa.

Jumamosi alipanda mlima na Bibi kuchuma machipukizi ya kangaga, mmea pekee uliopenda ardhi iliyoungua. Walikuwa hawajajaza hata nusu ya kikapu waliposikia mlio. Gorani hulia kama mtu anayeitwa na mauti. Narae aliuzoea mlio huo, lakini huu haukukoma.

Walimkuta nyuma ya safu ya juu. Waya ulikuwa umemkaba shingo na mguu wa mbele, na kadiri alivyojirusha ndivyo ulivyozidi kukaza. Bibi alivua kilemba chake akamfunika macho, akamkumbatia ili atulie.

"Kimbia! Mwite Pyo aje na koleo!"

Narae alikimbia mpaka kifua kikamchoma. Babu Pyo alikuja haraka kuliko alivyowahi kumwona akitembea. Akapiga magoti, akakata waya mara mbili. Waya ulilegea. Mnyama hakuinuka.

Bibi aliweka mkono juu ya tumbo la gorani. Lilikuwa limejaa, la duara. Mkono ulikaa pale muda mrefu.

"Alikuwa karibu kuzaa," akasema. "Wamekwenda wote wawili."

"Ningefanya nini?" Babu Pyo alisema. "Nyavu zimeshindwa. Wote mliona zimeshindwa."

"Hazikushindwa," Narae akasema.

Wazee wawili wakamtazama. Narae alikwenda kwenye kisiki, akaondoa gome, akazivuta nyavu moja moja. Zilikuwa mpya kabisa, hakuna hata moja iliyochanika.

"Sikuzifunga. Nilisikia Babu anasema tunampandia nani, nikaona haina maana. Nikazificha. Kisha nikasema uongo mara mbili."

Babu Pyo alishika wavu mmoja, akaugeuzageuza. Kisha akatembea peke yake katika safu zote, mche baada ya mche. Kila uliovikwa wavu ulikuwa mzima. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Maneno yangu, uongo wako, na waya wangu," akasema. "Tumemuua pamoja." Alikuwa hana hasira tena, na hilo lilimwumiza Narae kuliko kofi.

Walimzika gorani pale pale. Siku hiyo Babu Pyo aliondoa mitego yake yote, na jioni Narae alisimama mbele ya wanakijiji akasema alichofanya. Mwenyekiti alishukuru kwa kuambiwa, basi. Seulbi hakumsemesha kwa wiki nzima. Miche mingine haikupatikana. Ofisi ya wilaya ilisema hakuna mpaka mwaka kesho. Safu ya juu ikabaki na pengo. Babu Pyo aliacha majani yaote kwenye kiwanja cha mizinga yake iliyoungua, karibu na kijito, na gorani wakaanza kula huko. Nyavu zikafanya kazi yake. Tangu siku ile hakuna mche mwingine ulioliwa.

Lakini mwezi wa sita mvua haikunyesha. Kila alipotoka shule Narae alibeba maji mpaka juu, ndoo mbili, Bibi akimfuata taratibu na goti lake bovu. Hata hivyo, miche mitano ya Narae ilikauka ndani ya nyavu zake.

"Bibi," aliuliza siku moja, "msitu utarudi?"

"Kwangu mimi, hapana."

"Na kwangu?"

"Sijui. Sitaki kukudanganya." Bibi aliketi juu ya jiwe, akapumua. "Nisikilize, mjukuu wangu. Kukata tamaa si kosa. Mimi nimekata tamaa mara ngapi juu ya mlima huu! Siku ile ungeshuka ukaniambia, 'Bibi, nimechoka, naona kazi hii haina maana,' nisingekugombeza. Ningepanda mwenyewe nikafunga zile nyavu. Lakini ulisema umemaliza, na sisi tukakuamini. Pyo alitega kwa sababu alikuamini. Mtu anaweza asiwe na tumaini hata chembe, na bado akafanya kazi aliyopewa, na akishindwa akasema ameshindwa. Hilo halihitaji tumaini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Haya. Miche yako saba imebaki."

Narae aliinua ndoo. Aliinama kwenye mche uliofuata, akaupanua mdomo wa wavu kwa vidole, akamwaga maji polepole yasichimbe udongo, kisha akasogea kwenye mwingine.