Mlango Uliofungwa Mchana

Kila asubuhi Nereah hupika chai, huwasha redio, kisha huijibu. Mtangazaji akisema, "Habari ya asubuhi," yeye husema, "Nzuri, baba." Hana mwingine wa kuongea naye.

Zamani alikaa kijiji cha Raila, ndani ya Kibera. Huko mlango hushinda wazi, pazia tu linaning'inia. Ukisikia kicheko kwa jirani unaingia, unapewa kikombe na habari za mtaa mzima. Ukifunga mlango mchana, watu wanasema umewakataa. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Malika.

Kisha Malika alihamia Kawangware. Nereah naye akapata chumba kwenye maghorofa ya Soweto East, Kibera hiyo hiyo. Huko milango yote hufungwa.

Siku moja akaambiwa Malika alionekana kwenye ngazi, akarudi bila kubisha.

"Amenidharau," akasema Nereah. Akafuta namba yake kwenye simu.

Afrah, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, akamkuta macho yamemwiva.

"Auntie, umelia?"

"Ni kitunguu."

"Na kitunguu chenyewe kiko wapi?"

Nereah akamweleza yote. Afrah akaketi karibu naye.

"Hebu nikuulize. Nguo moja inakauka juani kwa masaa mawili. Ukianika kumi kama hiyo pamoja, zitakauka kwa masaa mangapi?"

"Ishirini! Wewe, mimi nimefua maisha yangu yote."

"Na huwa unazianua kesho yake?"

Nereah akatazama kamba nje ya dirisha. "Aki mimi! Si ni yale yale mawili?"

"Usijione mjinga. Wataalamu wa saikolojia hupima watu kwa maswali ya aina hii. Jibu la kwanza huja lenyewe, mbio. Wanataka kuona kama utalisimamisha ulichunguze kabla ya kulisema. Hata waliosoma sana hukosa."

"Kwa hivyo 'amenidharau' ni ile ishirini yangu?"

"Mimi sijui. Hata wewe hujui. Umemuuliza?"

Jumamosi Nereah akaenda Kawangware. Akauliza njia hadi akampata Malika mlangoni kwake, anasuka kikapu. Malika hakuinuka.

"Leo umekumbuka watu?"

"Ulifika kwangu ukarudi. Kwa nini?"

"Mlango umefungwa mchana kweupe, Nereah! Na ndani nakusikia unaongea na mwanaume. Nikajua hunitaki tena."

"Mwanaume gani? Ilikuwa redio!"

"Redio ndiyo unaiita baba?"

"Nani mwingine angenisemesha?"

Malika hakucheka. Akaweka kikapu chini, akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka. Wakakaa hadi jua likapoa. Kabla ya kuagana, Malika akamwandikia namba yake upya. Nereah akamuuliza lile swali la nguo.

"Ishirini!" Malika akajibu, na hapo wote wawili wakacheka.

Kawangware si ukuta mmoja na Soweto East. Kesho yake Nereah aliamka peke yake tena. Lakini alifungua mlango, akatundika pazia lake la Raila. Jirani yake Gathoni akapita bila kumwangalia.

"Anaringa," moyo ukasema. Nereah akalisimamisha jibu hilo.

"Gathoni, karibu chai!"

"Kumbe uko?" Gathoni akachungulia. "Nimeona mlango wazi, nikadhani unahama. Sikutaka kukuangalia vyombo."

Akavua viatu, akaingia. Baadaye kidogo redio ikasema, "Habari ya asubuhi." Hakuna aliyeijibu.