Ng'ombe wa Plastiki Sokoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kanyiva alimpeleka ng'ombe wao malishoni nyuma ya soko, karibu na barabara ya Mukuyuni. Kazi hiyo iliisha ghafla. Ng'ombe alivimba tumbo, akakataa majani, akafa, akaacha ndama. Walipompasua walikuta tumbo limejaa karatasi za plastiki za mkate, pakiti za maziwa na kamba za magunia.

Kanyiva alilia, kisha akakasirika. Aliziosha takataka zile kwa sabuni, akampelekea Mwalimu Musyimi aliyewafundisha sanaa shuleni. Darasa lake likaunda ng'ombe wa fito na waya, likamjaza tumboni plastiki zile zile. Mwenyekiti wa soko, Mzee Nyamai, alikuwa amekubali sanamu isimame langoni kwa wiki moja. Alidhani ataletewa pambo.

Siku ya soko maneno yaliwaka. Wengine walicheka na kupiga picha. Muuza nguo mmoja alisema yeye ameokoka, hawezi kuuza karibu na sanamu. Mzee Nyamai ndiye aliyefoka zaidi.

"Mwalimu, umeniletea takataka. Wageni watasema soko letu ni chafu. Ondoa kitu hiki kabla sijakichoma."

Jamani, soko lilikuwa chafu kweli. Kila mtu alilijua hilo, ila hakuna aliyetaka kuonyeshwa.

Kanyiva alisimama mbele ya sanamu. Hakuzoea kujibizana na wazee.

"Samahani, mzee, takataka hizi hazikutoka shuleni. Zilitoka hapa hapa sokoni. Tumezitoa tumboni mwa ng'ombe wetu. Mkizichoma leo, kesho ndama wake atakula nyingine."

Sahal, mfanyabiashara wa mifugo, alisogea akalipekua lile tumbo.

"Ng'ombe wangu wawili walifia hapa mwaka huu," alisema polepole. "Nilimlaumu daktari wa mifugo bure."

"Ni nyinyi wenye maduka mliowaua," Kanyiva alisema, sauti ikizidi kupanda.

Mama yake, Mutindi, aliyekuwa akiuza mboga, alikuja akamshika bega.

"Kanyiva, sisi pia hula mkate Jumapili. Nikikutuma kutupa karatasi yake, huwa unaitupa wapi?"

Kanyiva aliinamisha macho. "Nyuma ya soko, mama."

"Nami nimekuwa nikikuona, nikanyamaza."

Mzee Nyamai hakutaja moto tena. Jioni ile vijana walichimba shimo la taka, na wenye maduka wakakubaliana kufagia kila baada ya siku ya soko. Sanamu ilikaa wiki yake nzima, ndipo wanafunzi wakaibomoa kama walivyoahidi.

"Mlikuwa na haki ya kukasirika," Mwalimu Musyimi aliwaambia. "Uchafu unaua mifugo na unaua watu. Lakini hasira ya kweli huanza na ule uchafu uliotupa wewe mwenyewe. Ukishauokota huo, nenda ukamkasirikie mwenyekiti."