Magunia Matatu kwenye Buti la Pijo

Kila asubuhi ya likizo Yusra alivuta mkokoteni wa maji kutoka bombani hadi nyumbani kwa babu yake, Kwedizinga. Ulikuwa na magurudumu mawili, na juu yake alipanga madumu sita ya njano: manne mbele, mawili nyuma. Siku ya kwanza alikuwa ameyapanga kinyume. Mipini ikaruka juu, naye akabaki ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Wenzake walicheka mpaka wakamwaga maji yao.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, aliporudi na maji, alikuta pikapu ya bluu imesimama uani. Nyuma yake palikuwa na tela fupi la chuma, la magurudumu mawili pia. Mwanamke aliyevaa ovaroli alikuwa amechuchumaa, akilipima kwa futi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye Yusra wa maswali? Babu yako ameshanionya."

Huyo alikuwa Fundi Asnath, mwenye gereji yake Old Korogwe. Alikuwa amekuja kuchukua Pijo ya Babu Isihaka, gari jeupe la zamani lililokaa chini ya banda la bati miaka kumi na minne. Zamani gari hilo lilibeba maharusi, mbegu na wagonjwa wa kijiji kizima. Hajira, binti wa jirani yao Bibi Zamda, alizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma kabla hawajafika hospitali. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara tatu kulitaka, na mara tatu Babu aliwapa chai akawaaga.

"Likifika Korogwe zima, nitaliwasha," Fundi Asnath alimwahidi. "Injini ninayo."

"Na likianguka njiani?" Yusra aliuliza.

Babu aliegemea fimbo yake. "Likianguka njiani, mke wangu mdogo, wale wa vyuma chakavu hawatakuwa na haja ya kuniomba tena. Wataliokota tu."

Kazi ilianza. Fundi alijaza upepo matairi ya Pijo, akaweka mbao mbili nene za kupandia, kisha akalivuta gari polepole kwa winchi ya mkono, pua ikiwa mbele. Likapanda telani likilalamika kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Yusra alidhani wamemaliza. Kumbe bado! Fundi aliingiza mzani chini ya pua ya tela, mzani ule ule ambao Julius, mnunuzi wa nafaka, hupimia mahindi.

"Kilo arobaini. Haitoshi. Lisogee mbele kidogo."

Wakalisogeza. Mzani ukasoma mia mbili.

"Imezidi. Pikapu itakaa chini nyuma, na matairi yake ya mbele hayatashika barabara vizuri. Lirudi kiganja kimoja."

Baada ya kulisogeza mara nne, mzani ukasoma mia moja na thelathini, na Fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Fundi, kwa nini lisikae katikati kabisa?" Yusra aliuliza. "Si ndiyo sawasawa?"

"Mkokoteni wako unaupangaje?"

"Manne mbele, mawili nyuma. Nyuma kukizidi, unaninyanyua."

"Basi tela nalo ni hivyo hivyo. Nyuma kukiwa kuzito, linainyanyua pikapu. Tena likishika mwendo barabarani, linaanza kuchezesha mkia kushoto na kulia, na mkia ule unaweza kuangusha pikapu, tela na sisi wote."

Kisha alifunga kila gurudumu la Pijo kwa mkanda wake, akagongea vipande vya mbao mbele na nyuma ya matairi, akapitisha minyororo miwili chini ya ndoano inayounganisha tela na pikapu. Aliipishanisha kama mikono ya mtu anayesikia baridi.

"Na hiyo ya nini, wakati ndoano ipo?"

"Ndoano ikichomoka, pua ya tela itaangukia kwenye minyororo, haitaangukia lami."

Mwisho alisimamisha kijiti kutoka ardhini hadi kwenye ndoano, akakikata sawa na urefu ule. Akamkabidhi Yusra ufunguo wa buti. "Nimeshapima. Kuanzia sasa hakiingii kitu, hakitoki kitu. Wewe ndiye mlinzi."

Babu alikwenda kuswali adhuhuri, na Fundi akaingia ndani kunawa na kunywa chai. Hapo ndipo Bibi Zamda alipofika na vijana wake wawili, wakisukuma mkokoteni wenye magunia matatu: mawili ya mahindi na moja la maboga na mihogo mikavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Fungua buti."

"Fundi amesema kisiingie kitu."

"Eti nini? Tangu lini Pijo ya Isihaka ikatoka hapa tupu? Gari likienda mjini linabeba mizigo ya watu, ndivyo tunavyoishi hapa. Hajira amejifungua huko Korogwe, ana wiki moja tu. Ale nini? Na amezaliwa humu humu ndani!" Bibi Zamda alipiga kofi ubavu wa gari kana kwamba ni mgongo wa ng'ombe wake.

Yusra alitazama mlango wa nyumba. Kumkatalia bibi mtu mzima, aliyemlisha mara nyingi nyumbani kwake, lilikuwa jambo gumu. Halafu gari zima la chuma litasikia nini kwa magunia matatu? Akatoa ufunguo. Vijana wakapakia, buti likafungwa.

"Usimwambie yule fundi," Bibi Zamda alinong'ona. "Wasambaa hawa wabishi, atayashusha."

Saa nane wakaondoka. Fundi alikuwa kwenye usukani, Babu dirishani na Yusra katikati. Vijana wa bodaboda pale kituoni walipiga miluzi.

"Mzee, unalipeleka kulizika?"

"Nalipeleka kulioa!" Babu akawajibu, nao wakacheka.

Walipofika kwenye lami, baada ya kilomita chache, Fundi alisimama pembeni. Alisema mikanda hulegea mwanzoni mwa safari, hivyo lazima ikazwe tena. Alizunguka tela akikaza mkanda mmoja baada ya mwingine, akagusa na vitovu vya magurudumu kuona kama vimepata moto. Kisha akamtazama Yusra.

"Hakuna aliyegusa gari nilipokuwa ndani?"

Maneno yalimfika Yusra mdomoni, yakageuka njiani. "Hakuna."

"Vizuri."

Wakaendelea. Yusra aligeuka akatazama kioo cha nyuma. Pijo ilikuwa inawafuata, taa zake mbili za mviringo zikimkodolea macho. Lakini mbona ilionekana kutikisa kichwa? Kushoto kidogo, kulia kidogo. Ikatulia. Lori likawapita kwa kasi, upepo wake ukawapiga, na Pijo ikaanza tena. Safari hii ilikwenda kushoto zaidi na kulia zaidi, na pikapu yenyewe ikaanza kuyumba.

Fundi hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, akaunyoosha tu. Mwendo ukapungua taratibu, na tela likatulia.

"Ni lile lori," Babu alisema, ingawa mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania mlango.

"Labda," Fundi alijibu. "Lakini nilipima vizuri. Sielewi."

Mbele yao barabara ilianza kuinama. Yusra aliuona mteremko mrefu, na chini kabisa gulio: wanawake na matenga yao ya nyanya kandokando ya lami, mbuzi, baiskeli, watoto wakivuka. Alikumbuka mipini ya mkokoteni ilivyomrusha. Yeye alikuwa ameanguka peke yake. Hapa wasingeanguka peke yao.

"Simama, Fundi!" alisema. "Tafadhali, usiteremke. Nilidanganya. Kuna magunia matatu kwenye buti."

Fundi aliwasha taa ya pembeni, akaegesha taratibu mahali tambarare kabla ya mteremko. Akashuka, akachukua kijiti chake na kukisimamisha kando ya ndoano. Ndoano ilikuwa imepanda juu ya kijiti kwa vidole vitatu.

"Njoo uone," alimwita Yusra. "Hicho ndicho kilichokuwa kinatutikisa."

Walifungua buti. Bibi Zamda alikuwa ameongeza na mkungu wa ndizi juu ya magunia, kwa kificho, hata Yusra hakuuona. Babu alitaka kucheka, akajizuia. Dereva wa pikipiki aliyepita aliwasaidia kuhamisha mzigo wote kwenye pikapu, karibu kabisa na kabini. Fundi akasimamisha tena kijiti. Sasa ndoano ilikuwa chini ya ncha ya kijiti kwa unene wa kidole.

"Imeshuka kwa sababu magunia yamehamia kwetu," alieleza. "Hiyo haina shida. Tutakwenda nayo polepole."

Yusra alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Bibi Zamda aliniambia nisiseme. Nikaona nitamkosea adabu."

"Na mimi nina kosa langu," Fundi Asnath alisema. "Kijiti nilikuwa nacho mkononi pale tuliposimama. Badala ya kupima, niliuliza tu, nikaridhika na jibu. Sitarudia."

Waliteremka kwa mwendo wa baiskeli. Yusra alitazama nyuma njia nzima. Wakapita gulioni, na mama mmoja akawapungia mkono wenye nyanya. Pijo iliwafuata imetulia tuli.

Old Korogwe walifika jua likiwa bado juu. Kabla ya kwenda gereji walipitia kwa Hajira, aliyetoka mlangoni na mtoto mchanga begani. Alipoona Pijo alifunika mdomo kwa mkono. "Hospitali yangu hiyo!" alisema, na wote wakacheka. Babu alimpigia simu Bibi Zamda, akaweka sauti ya nje.

"Mzigo umefika, Zamda. Ila umekaribia kutuua."

"Mie? Kwa mahindi?"

"Kwa mahindi, maboga, mihogo, na ndizi ulizozificha."

"Haya, Isihaka. Nisameheni. Na Yusra nimwombe radhi, nilimtia kwenye uongo. Hajira amezipenda ndizi?"

Jioni, Pijo ilipokwisha kushushwa mbele ya gereji, Babu alimkalisha Yusra kwenye kiti cha mbele cha gari lake, naye akakaa nyuma ya usukani.

"Mjukuu wangu, heshima kwa mkubwa ni jambo zuri, na mimi ndiye niliyekufundisha," alisema. "Lakini mkubwa akikuomba ufiche jambo linaloweza kuumiza watu, mwambie kwa adabu kwamba huwezi. Hapo hujamvunjia heshima, umemlinda. Na ukiwa umeshadanganya, usingoje kufika mteremkoni. Leo ulisema kabla ya mteremko, ndiyo maana mimi na wewe tumekaa humu."

Fundi Asnath aliinama dirishani, akampa Yusra kile kijiti.

"Kaa nacho. Nikija kurudisha gari la babu yako, nitakikuta?"

"Utakikuta," Yusra alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Lakini siku nyingine usiniulize, Fundi. Pima."