Dindo, Usioe Kwanza!

Kila Jumapili baada ya misa, mdogo wangu Puring alipiga simu nyumbani Batangas, Ufilipino, kumgombeza mwanawe. Mimi nilikuwa jikoni napika tambi, na sikuhitaji redio.

"Dindo! Una miaka thelathini na minane! Wenzako wanasomesha watoto, wewe unafuga majogoo!"

"Mama, majogoo hawaniulizi nitaoa lini."

"Oa, mwanangu. Nisije nikafa sijaona mjukuu."

"Kwa sauti hiyo hufi leo wala kesho."

Ndivyo tulivyoishi hapa Daly City. Mimi, Nenita, ndiye niliyemwombea Puring kibali cha kuhamia Marekani. Ombi lilikawia mno. Lilipokubaliwa, Dindo alikuwa ameshapita umri wa kuja na mama yake, akabaki. Puring akalia, kisha akajifuta machozi, akaanza kazi ya kutunza wazee. Baadaye akamwombea Dindo kama mtoto mkubwa ambaye hajaoa. Foleni ilikuwa ndefu, lakini sasa imekaribia mwisho. Puring alishamnunulia koti la baridi zamani sana. Likaning'inia kabatini miaka yote.

Jumapili moja Dindo akasema, "Mama, nimepata mchumba. Anaitwa Marivic. Tunafunga ndoa mwezi wa sita. Mama yake ameshanunua nguruwe wa harusi."

Puring alipiga kelele nikadhani nyumba inaungua. Akatoka mbio na sahani ya sambusa zetu kwenda kutangaza mtaani. Wa kwanza kukutana naye alikuwa Ludivina, jirani yetu. Ludivina anafanya kazi kituo cha jamii. Anasaidia watu kwenye mambo ya uhamiaji, na ana kibali cha serikali cha kazi hiyo. Alirudi na Puring hadi kwetu, na uso wake haukuwa wa harusi.

"Dada Puring, wewe umeshakuwa raia?"

"Bado. Nina kadi yangu ya ukaazi."

"Basi Dindo asioe."

"Ala! Una wivu gani na mwanangu?"

"Nisikilize. Mwenye kadi anaweza kumwombea mtoto ambaye hajaoa. Mtoto aliyeoa, mwenye kadi hawezi kumwombea. Dindo akioa wewe ukiwa na kadi tu, ombi lenu linakufa siku hiyohiyo. Foleni yote, kwisha."

Puring akafunga mdomo. Nimemjua tangu azaliwe, sijawahi kuona jambo hilo. Akakaa kitini, juu ya mkate wangu.

"Na mimi ndiye niliyemsukuma aoe," alisema, machozi yakimtoka. "Nimeharibu kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Hujaharibu kitu bado," Ludivina akamwambia. "Ukiwa raia kwanza, halafu ndipo aoe, ombi haliondoki. Litahamia foleni ya watoto waliooa. Hiyo ni ndefu zaidi, sikufichi. Lakini tarehe yake ya zamani inabaki, na mkewe anaweza kuja naye. Kwa nini hukuomba uraia siku zote hizi?"

"Mtihani wa Kiingereza! Mbele ya afisa ulimi wangu unalala."

"Una umri gani?"

"Hilo ni swali la kumuuliza mwanamke?"

"Hamsini na tisa," nikajibu mimi. Akanikata jicho.

"Na kadi unayo miaka kumi na sita," Ludivina akasema. "Aliyetimiza miaka hamsini na mitano, na kadi anayo miaka kumi na mitano, hafanyi mtihani wa Kiingereza. Maswali ya historia na serikali utaulizwa, ila kwa lugha yako, Kitagalogi. Nenda na mkalimani."

"Yaani nimeogopa bure?"

"Bure kabisa. Ungeuliza tu. Kuuliza si ujinga."

Puring akashika simu. "Dindo! Usioe!"

"Mama, unaumwa?"

"Usimwoe yule msichana! Ni mzuri, nampenda, usimwoe!"

Kule Batangas simu ikanyakuliwa. Alikuwa Belen, mama wa bibi harusi, mama mwenye hasira zake. "Binti yangu ana kasoro gani? Nguruwe ananona hapa!" Tulipomweleza, akashusha sauti. "Basi padri awafungishe kimyakimya. Nani atajua?"

Ludivina akaichukua simu. "Mama, ndoa ya kanisani ni ndoa. Dindo akiificha kwenye karatasi za serikali, amedanganya. Uongo huo unaweza kumfungia mlango maisha yake yote."

Kisha tukasikia sauti nyororo ya Marivic mwenyewe. "Mama Puring, nitasubiri. Lakini usome kwa bidii. Huyu nguruwe anakula kutushinda sisi."

Basi Puring akasoma. Alibandika maswali kwenye friji, na mengine chooni. Marivic alimsikiliza kwa simu kila siku. Ludivina alimsaidia kujaza fomu, kila neno la kweli.

Siku ya usaili, afisa alimuuliza kama amewahi kuwa mlevi. Puring akamwambia mkalimani, "Mwambie mlevi wetu alikuwa marehemu mume wangu. Mimi nilikuwa nambeba tu." Afisa akaficha uso kwenye karatasi. Puring alifaulu.

Alipotoka kula kiapo, alitaka kwenda moja kwa moja uwanja wa ndege, awahi harusi.

"Utarudi na nini?" Ludivina akamuuliza. "Kadi si umeirudisha leo? Omba pasipoti kwanza. Peleka cheti chako halisi cha uraia, watakurudishia. Nakala tunaituma kule kwenye ombi la Dindo, wajue umekuwa raia."

Tukapiga simu Batangas. Nguruwe asubiri tena.

"Hawezi hata kusimama!" Belen akalia.

Ludivina akamweleza Dindo njia zote mbili. "Ukibaki bila mke, huenda ukaja mapema, kisha umwombee Marivic ukiwa huku. Ukioa, mtangoja sana, ila mtakuja pamoja. Hapo ni wewe uchague."

Puring alishika rozari yake. Nilijua anachotaka: mwanawe, na upesi.

"Mama, usinikasirikie," Dindo akasema. "Foleni hii nimepanga peke yangu miaka kumi na minne. Iliyobaki nitapanga na mke wangu."

Puring akalia kidogo. "Basi oa," akasema. "Oa, mwanangu."

Pasipoti ilipofika tukasafiri. Puring alimkumbatia mwanawe pale uwanja wa ndege mpaka askari akawaomba wasogee. Siku ya harusi nguruwe alibebwa na wanaume wanane, na bado tulipeleka nyama kijiji kizima.

Tuliporudi Daly City, Puring hakupumzika. Alikwenda dukani akarudi na koti la baridi la kike, jekundu. Akalitundika kabatini, kando ya lile la Dindo.