Risasi ya Njano

Weka bunduki mezani, kaka, ikiwa wazi. Hivyo hivyo. Na wewe keti kwenye hicho kigoda, maana shingo yangu haina nguvu ya kukutazama ukiwa umesimama. Unataka risasi za bata, nimekusikia. Nitakupa. Lakini kwanza utanisikiliza, na hata ukiona kiza kinaingia usinikimbize. Haraka haraka haina baraka, na mimi nimeyalipia maneno hayo.

Hizi droo alizichonga mume wangu, Fundi. Sasa amelala chumba cha nyuma, upande mmoja wa mwili haumtii. Ukisikia ukuta unagongwa, ni yeye anaomba maji, usishtuke. Alipokuwa mzima alikuwa na sheria moja tu hapa dukani. Risasi nyekundu ni za geji kumi na mbili, yaani za mtutu mpana kama wa bunduki yako hiyo. Za njano ni za geji ishirini, ni nyembamba kidogo. Nyekundu na njano zisikutane mezani hata dakika moja.

Kwa nini? Kwa sababu ya njano ukiitia kwenye bunduki kubwa haikai mahali pake. Inateleza, inazama ndani ya mtutu, inakwama. Unavuta kifyatulio... kimya. Unafungua, unaona hamna kitu. Unajiambia, loo, kumbe nilisahau kutia risasi. Unatia nyekundu nyuma yake. Unavuta tena.

Mtutu unapasukia mkononi mwako.

Miaka mitatu iliyopita Fundi alipigwa na kiharusi. Nilikesha naye siku tisa, mchana nipo dukani, usiku namgeuza kitandani asipate vidonda. Siku ya kumi akaja Mwokaji, yule aliyekuwa na tanuri pale kona. Mtu wa watu, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Alitaka nimchanganyie, za punje namba nne kumi na za punje namba sita kumi, aone zipi zinaangusha bata vizuri. Na muda huo huo nilikuwa nimetoka kumpimia mtu mwingine za njano, bado zimetapakaa mezani. Ungeniona ungenihurumia. Nilikuwa nasinzia nimesimama. Nikakusanya, nikamimina kwenye mfuko, nikafunga.

Kesho yake akafa kinamasini. Hawakuwahi hata kumfikisha kwa daktari.

Unafikiri watu walisema ni risasi? Thubutu! Walisema uchawi. Wiki ile Mwokaji alikuwa amegombana na dada yake kwa ajili ya tanuri la marehemu baba yao, na dada mtu, kwa hasira, akamwambia mbele ya foleni nzima ya wanunuzi wa mikate: "Mungu aichukue hiyo mikono yako!" Na mikono ndiyo iliyotangulia. Basi. Walimvunjia yule dada madirisha. Aliyekuwa akimpa chumvi akaacha kumpa. Akahamia kachumba nyuma ya kiwanda cha mbao, na hadi leo watoto wakipita pale wanakimbia.

Na mimi? Mimi nilifungua droo ya njano. Zilipaswa kuwa tisa. Zilikuwa nane.

Nikaifunga droo na mdomo pamoja nayo. Nilikuwa nimechoka, kaka. Kila siku nilisema kesho nitakwenda kumwambia yule mama, dada wa Mwokaji, ukweli, na kesho ikija inanikuta nimechoka zaidi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, jioni kama hii, alikuja mdogo wangu. Tunamwita Domo, na ukikaa naye dakika mbili utajua sababu. Alikuwa anakwenda kinamasini kuwangoja bata wanaorudi kulala.

"Dada, nipe za bata, si za mbu," akaanza.

"Namba sita punje zake ndogo, bata wa maji atakucheka. Chukua namba nne. Namba ikipungua punje inanenepa, nimekwambia mara ngapi?"

"Basi namba nne, na baraka zako juu."

"Baraka zimekwisha tangu asubuhi. Toka hapa."

Nikamhesabia kumi mfukoni, akaenda huku anapiga mluzi. Huyo mtoto nilimlea mimi, kaka. Mama yetu alimwacha hajaota meno, na sina ndugu mwingine.

Nilikuwa nainama kuzima jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, huko nyuma niliposikia mlango umefunguka. Unaiona kengele pale juu? Mtu hawezi kuingia bila kuigusa.

Haikulia.

Kilichotangulia ni harufu. Tope. Baruti. Na chini yake, harufu nyingine, nzuri... mkate wa moto.

Mwanamume alikuwa amesimama hapo ulipokaa wewe. Kofia imeshuka machoni, koti refu linachuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha siku nane. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni.

"Risasi za bata," akanong'ona.

Unajua uchovu unavyomfanya mtu? Badala ya kupiga kelele, nikauliza maswali yangu ya kila siku.

"Geji gani?"

"Kumi na mbili."

"Unapiga kutoka umbali gani?"

"Urefu wa mkono."

"Bata hakungoji urefu wa mkono, baba."

"Nipe kama zile ulizonipa."

"Nilikupa lini?"

Tone likaanguka sakafuni. Likaanguka jingine.

"Siku uliyosinzia."

Akautoa ule mkono mfukoni. Sikuutazama kaka, nakuapia, nilitazama kile alichokiweka mezani. Risasi ya njano. Kitako chake cha shaba kimeota kutu ya kijani, tope limeganda kwenye mikunjo.

"Hii haikuwa yangu," akasema. "Na leo... umempa nani?"

Domo!

Sikuangalia droo, sikukumbuka mlango, sikumkumbuka hata Fundi. Nilimpita yule mtu karibu hivi, nikahisi ubaridi wake kwenye shavu, nikatoka mbio. Kutoka hapa hadi kwenye matete ni mwendo wa dakika kumi kwa mwenye magoti. Kandambili moja ilibaki njiani. Nilikuwa nakimbia huku nalia kama mwendawazimu, nasema, si yeye, nichukue mimi, si yeye.

Paa!

Mlio wa kwanza. Bata wakaruka. Nikangoja wa pili.

Kimya...

Kimya kile kile nilichokueleza.

"Domo! Usipigeee!"

Nilimkuta ameketi kwenye tope, bunduki iko wazi mapajani, meno yanagongana. Domo, asiyenyamaza hata kanisani, hana neno. Nilimkumbatia hadi akapata sauti.

"Dada, ya pili haikulia," akanong'ona. "Nikafungua, nikaona hamna kitu. Nikawa natia nyingine. Mzee mmoja akatoka kwenye matete, akaushika mtutu. Akaniambia, chungulia kwanza."

"Mzee gani?"

"Sikumwona uso. Alikuwa amelowa. Mkono wake, dada... ni baridi, na laini kama donge la unga. Nikainua uso kumshukuru. Hayupo."

Nilichukua ufito wa kusafishia, nikausukuma ndani ya mtutu kutoka mbele. Ikatoka. Ilikuwa ya njano, ina kutu ya kijani, ina tope kwenye mikunjo. Na juu ya chuma cha mtutu palikuwa na alama za unga mbichi, za vidole viwili tu.

Tuliporudi, meza hii ilikuwa tupu, imelowa tu. Nikafungua droo ya njano nikahesabu mara tatu. Zote zilikuwepo. Kwa hiyo jioni ile mimi sikukosea, kaka. Ile risasi haikutoka kwenye droo yangu. Iliingiaje kwenye mfuko wa Domo, usiniulize. Yule marehemu alikuja kumwokoa Domo au kunionyesha kwamba anaweza kumchukua? Hilo nalo nalilalia na kuliamkia.

Kesho yake sikusema kesho. Nilikwenda nyuma ya kiwanda cha mbao, risasi nimeifunga kwenye leso. Yule mama alifungua mlango kidogo. Amezeeka kuliko umri wake. Akanitazama, kisha akatazama nyuma ya bega langu, akatazama kwa muda.

"Miaka mitatu anakuja peke yake, anasimama hapo hapo mlangoni," akasema taratibu. "Leo kaja na wewe."

Sikugeuka. Nilifungua leso.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimuuzia hii. Nilichanganya. Nilijua tangu siku ile, nikanyamaza."

Nilitegemea kofi. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nayataka. Yule mama aliishika ile risasi, akaigeuza geuza.

"Kwa hiyo... si mdomo wangu?"

"Si mdomo wako, dada."

"Mimi nimekuwa nikiamini," akasema. "Watu walinisema mpaka nami nikaamini. Mdogo wangu, wa tumbo moja. Kila jioni akija napiga magoti namwomba msamaha."

Akalia. Nikalia. Hakuna aliyemshika mwenzake. Alipomaliza alijifuta kwa upande wa khanga, akanirudishia risasi.

"Mimi umeniambia," akasema. "Na wale walionivunjia madirisha, nani atawaambia?"

Nilimtazama usoni, nikaona bado anaangalia nyuma ya bega langu.

Risasi yenyewe ndiyo hiyo, ipo pale kwenye rafu, ndani ya glasi. Kila anayekuja kununua risasi namketisha kwenye kigoda namweleza, awe na haraka asiwe nayo. Wengine wamekwenda kumwomba radhi yule mama, wengine wanasema nimechanganyikiwa kwa kukesha na mgonjwa. Wewe ni wa kumi na saba. Na wewe uliishi mtaa wa yule mama wakati ule, usinifiche, nimekutambua ulipoingia. Jiwe la dirisha lake la jikoni lilikuwa lako.

Usiinuke. Sikulaumu, mimi ndiye niliyenyamaza. Nenda kesho ukamwambie. Kabla ya kinamasini, si baada.

Haya, turudi kwenye kazi. Geji kumi na mbili. Nitakuuliza mara tatu, usichoke. Namba nne. Hesabu nami, moja moja, na kila moja itazame rangi.

Na hayo maji yanayochuruzika chini ya kigoda chako usiyajali. Siku ya kwanza yalifika hadi mlangoni. Kila ninapomaliza kusimulia yanapungua kidogo.

Inua tu miguu, umpishe.