Miraba Sitini na Miwili

Kila asubuhi kabla ya chai, mjomba alichonga penseli mbili kwa kisu kidogo, moja yake na moja ya Kifutio. Alikuwa amestaafu kazi ya kupima ardhi miaka sita iliyopita na hakuwa na haja tena ya penseli, lakini mazoea yana taabu. Kifutio, mpwa wake wa kike wa miaka kumi na miwili aliyelelewa hapo tangu akiwa mdogo, alipewa jina hilo na wenzake kwa sababu alifuta kila jibu mara mbili tatu mpaka daftari likatoboka.

Jumamosi ile mjomba alichonga penseli moja tu. Ya kwake aliiacha.

"Leo saa nne wananiita ukumbini shuleni kwenu," alisema. "Wanataka niwaambie ardhi ya wilaya ilikwenda wapi."

Chai ikampalia Kifutio. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya chai.

Mambo yalianza hivi. Wiki mbili nyuma, mwalimu wa jiografia aliwapa wanafunzi ramani mbili za wilaya yao wapime eneo na kulinganisha: moja mpya, nyingine ya zamani, iliyochorwa kabla mama zao hawajazaliwa. Kazi yenyewe si ngumu, ila inaumiza macho. Unaweka juu ya ramani karatasi ya plastiki yenye miraba, kila mraba kilomita moja ya eneo, kisha unahesabu. Mraba ulioingia ndani ya mpaka zaidi ya nusu unahesabiwa. Usiofika nusu unaachwa. Na kila ramani lazima ihesabiwe na watu wawili, kila mtu peke yake, bila kuonyeshana.

"Majibu yakikaribiana, tunaamini," mwalimu alisema. "Yakiachana mbali, tunarudia."

Ramani ya zamani walipewa Kifutio na rafiki yake Chiriku, msichana ambaye mdomo wake haukujua likizo. Chiriku alihesabu Alhamisi, akapata 1,214. Ijumaa ikawa zamu ya Kifutio, na siku hiyohiyo timu ya netiboli ilikuwa inacheza fainali. Alifika mraba wa mia mbili, akasikia shangwe uwanjani. Lo! Karatasi ya Chiriku ilikuwa palepale mezani, chini ya kopo la chaki. Akaichungulia. Tena kwa ujanja wake hakuandika 1,214; aliandika 1,212, ili ionekane kweli amehesabu. Kisha mbio uwanjani.

Mwalimu alibandika matokeo mlangoni. Ramani mpya ilikuwa na kilomita za eneo 1,150 tu. Kwa hiyo wilaya imepungua zaidi ya kilomita sitini! Jioni habari ilikuwa imeshafika sokoni, na sokoni habari hainenepi kidogo. Ardhi imeuzwa kwa wilaya jirani, watu wakasema. Na aliyeupima mpaka baada ya ramani ya zamani ni nani? Si yule mzee? Ndiyo maana akajenga nyumba! Nyumba yenyewe vyumba viwili na choo nje, lakini nani alikuwa na muda wa kuitazama?

Siku zote hizo Kifutio alinyamaza. Kila alipofungua mdomo, aibu iliufunga.

Saa nne ukumbi ulijaa. Mjomba aliketi mbele, peke yake, mikono juu ya magoti. Mwenyekiti wa halmashauri alisoma tarakimu, watu wakaguna.

"Mpaka nilioupima ni uleule wa zamani," mjomba alisema. "Sikusogeza hata jiwe moja."

"Na miraba sitini imeyeyuka?" fundi seremala alifoka kutoka nyuma. "Useme, mzee!"

Mwenyekiti akainua karatasi. "Mzee wangu, ramani hii wamehesabu watoto wawili, kila mmoja peke yake, na majibu yamekaribiana. Mmoja wao ni mpwa wako, umemlea mwenyewe. Naye anakusingizia?"

Mjomba akageuka polepole mpaka macho yake yakakutana na ya Kifutio. "Kama huyu amehesabu," alisema, "basi sina la kusema. Mtoto huyu nimemfundisha kuhesabu mimi, na namwamini."

 Kifutio akasimama.

"Sikuhesabu," alisema.

"Sema kwa sauti, mwanangu," mwalimu alimwambia.

"Sikuhesabu, mwalimu! Nilichungulia karatasi ya Chiriku nikapunguza mbili. Nilitaka kwenda kutazama netiboli."

Mwalimu hakugomba. Alikwenda darasani, akarudi na ramani na karatasi ya miraba, akavitandaza mezani mbele ya watu wote. "Haya. Hesabu sasa."

Alihesabu kwa sauti, jasho likimtiririka shingoni. Mia moja. Mia tatu. Alipofika pembe ya juu ya ramani, kidole kilisimama. Palikuwa na nukta ndogondogo zilizofifia.

"Mjomba," alisema, "si uliniambia ramani za zamani nukta ni maji?"

"Ndiyo, mama. Hapo ni ziwani."

"Ala!" Chiriku aliruka. "Mimi nilidhani nzi wamekunya!"

Wenzao waliohesabu ramani mpya waliliacha ziwa nje, maana huko lilipakwa rangi ya buluu na hata kipofu angeliona. Kifutio akahesabu nukta tu: miraba sitini na miwili ya maji. Ukiitoa kwenye 1,214 ya Chiriku, ardhi ilibaki 1,152, karibu sawa na 1,150 ya ramani mpya. Wilaya haikupungua kitu.

"Kumbe tumegombania maji!" alisema seremala, akacheka. Alipoona mjomba hacheki, alivua kofia. "Tusamehe, mzee wetu." Mwenyekiti naye akainuka kumpa mkono.

Walirudi nyumbani pamoja. Mlangoni Kifutio alishindwa kuvumilia. "Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe uliposimama," alijibu. "Lakini sikiliza. Chiriku alikosea, na kila mpimaji hukosea; hata mimi nimewahi kuhesabu bwawa. Ndiyo maana tunapima wawili, ili jicho la pili lione lililopitwa na la kwanza. Zile nukta wewe unazijua. Ungehesabu, ungeziona. Ulipoiga jibu la mwenzako, jicho la pili halikuwepo, na kosa lake likapita likiwa limevaa nguo za ukweli. Kazi uliyopewa kuifanya peke yako, ifanye peke yako. Kuna mtu mahali fulani anaitegemea, na pengine humjui. Safari hii ulimjua."

Kisha akatoa kisu mfukoni, akaanza kuichonga penseli yake.