Kovu la Ukuta Mwekundu

Maiti ya Mzee Mwale ilikutwa saa sita na nusu mchana ndani ya korongo, pale kuta mbili nyekundu zinapokaribiana hadi mtu mnene apite ubavu. Alilala chali kando ya jabali, kisogo kimepasuka, begi la kamera likiwa bado limefungwa na limemkaa begani. Hakuna kilichoibwa. Aliyemkuta ni mkwewe, ambaye ndiye pia aliyekuwa dereva wake. Ilipogonga saa tisa, mkwe huyo alikuwa selo.

"Hawa wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja," Sajini alimwambia Inspekta. "Juzi walirushiana maneno mezani. Kijana anataka kumhamishia mkewe mji mwingine, mzee hataki kusikia. Kesho saa nne tunampandisha kizimbani, afande, kazi imekwisha."

"Imekwisha kwako. Nifungulie selo."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na dereva.

"Mliingia saa ngapi?"

"Mzee aliingia saa nne, peke yake. Mimi nilibaki kwenye gari, mdomoni mwa korongo. Akipiga picha hataki mtu amhemee shingoni."

"Nani mwingine aliingia?"

"Kwa upande wangu, hakuna. Kule juu kuna njia nyingine ya mawe matupu, lakini kutoka garini siioni."

"Unajua unajichimbia shimo?"

"Najua, mama. Lakini nikidanganya ndiyo nitatoka?"

Inspekta nusura atabasamu. "Mzee alikuwaje asubuhi hiyo?"

"Alifurahi kama mtoto. Usiku bamba kubwa la mwamba lilikuwa limedondoka ukutani, na jana yake jioni tuliliacha likiwa bado juu. Alichungulia, akarudi mbio kuniambia, 'Mkwe, ukuta umevua kilemba.' Kisha akaingia tena. Yale ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu."

Saa kumi na mbili kasoro, Inspekta na Sajini waliinama chini ya utepe wa polisi. Askari wa zamu akawahakikishia kwamba tangu mchana hakuna aliyepita, juu wala chini. Ukutani, pale bamba lilipobanduka, palibaki kovu jeupe lenye umbo la sikio.

Mchana, jua likiwa utosini, mchanga ulikuwa umeonekana mtupu kama shuka. Sasa jua la jioni liliingia kwa ubavu kupitia mdomo wa korongo, na kila kituta cha mchanga kikatupa kivuli. Inspekta alisimama ghafla.

"Usikanyage. Unaona nini?"

"Nyayo za mzee zinaingia, halafu zinakatika. Upepo umezifuta."

"Upepo gani huo unaochora upepeo?"

Sajini alikodoa macho. Kweli, mchanga uliolainishwa ulikuwa na umbo la upepeo wa kujipepea uliokunjuliwa, mpana upande wa ukuta wenye kovu, mwembamba upande wa jabali. Penye ncha palikuwa na vitobo vitatu vidogo. Nyuma yake kulikuwa na mwamba mtupu, ambao haushiki unyayo.

"Nyayo za dereva?" Inspekta aliuliza.

"Zinapita juu ya upepeo, kwenda na kurudi. Sisi maiti tuliitolea kwa njia ya juu, kwenye mwamba."

"Basi palifagiwa mzee akishapita, na dereva bado hajafika. Kuna mtu wa tatu, Sajini. Stendi ya kamera ya mzee iko wapi?"

"Ndani ya begi, imefungwa. Kamera nimeifungua. Picha za mwisho ni za jana jioni, ukuta huu huu."

"Nichapie moja."

Usiku huo walimkuta binti wa marehemu, mke wa dereva, amekaa jikoni mbele ya jiko lililozimika. Kwa siku moja alikuwa amepoteza baba, na mume yuko selo. Inspekta hakumzungusha. Alimchorea ule upepeo kwenye karatasi.

"Hivyo ndivyo Baba alivyokuwa akifagia," binti alisema mara moja. "Kabla ya picha unafuta nyayo, lakini zile tu ambazo kamera inaziona. Ncha ndipo stendi inaposimama. Mama alikuwa akimtania: huku nyumbani hushiki ufagio, jangwani unafagia."

"Nani mwingine anafagia hivyo?"

"Baba alifundisha mtu mmoja tu. Yule mpiga picha wa tuzo wanayemwita Msanii."

Saa mbili asubuhi, Msanii aliwapokea studioni kwake, shati limenyooka, viatu vinang'aa. Ukutani ilitundikwa picha iliyompatia tuzo mwaka uliopita, mwale wa mchana ukishuka kama nguzo ya moto ndani ya korongo lile lile. Kando yake palikuwa na picha nyingine, mpya.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema. "Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa, nachapa picha za maonyesho. Korongoni sijatia mguu tangu mwezi uliopita."

"Na hii mpya?"

"Ndiyo ya mwezi uliopita."

"Nzuri. Mimi mshamba wa picha. Nieleze, zinatofautiana nini hizi mbili?"

Msanii alitabasamu kama anayemwonea huruma mwanafunzi. "Mwanga tu, mama. Ukuta ni ule ule."

"Ule ule?"

"Naujua kama kiganja changu."

Inspekta akatoa picha ya tatu, ile ya kamera ya mzee, akaiweka mezani. "Hii ni ya juzi jioni. Hili bamba unaliona? Lilianguka usiku wa kuamkia jana. Katika picha yako ya tuzo lipo. Katika hii ya 'mwezi uliopita' halipo, kuna kovu. Na tangu jana mchana korongo linalindwa na askari wangu."

Msanii aligeukia ukuta. Alizitazama picha zake mbili kwa muda mrefu, na ilikuwa dhahiri kwamba bamba lile alikuwa akiliona kwa mara ya kwanza.

"Aliyepiga picha ya tuzo angeliona kovu hili kabla ya kutoa kamera," Inspekta alisema. "Mzee aliliona akiwa mdomoni mwa korongo. Picha ile ni yake, sivyo?"

"Alinipa hadi Ijumaa," Msanii alisema taratibu. "Niseme mwenyewe, au aseme yeye. Nilishukia njia ya juu kumbembeleza. Akaniambia, simama hapa, upige yako, utaona huna haja ya kuiba. Alinihurumia. Ndicho kilichonichoma. Nikamsukuma mara moja tu, akaangukia jabali." Aliigeukia picha mpya. "Halafu mwale ukashuka."

"Ukafagia," alisema Sajini, asiamini masikio yake.

"Mchanga ulikuwa na nyayo."

Saa nne dereva hakupanda kizimbani. Alitoka selo mikono haina pingu, akamkuta mkewe ameegemea ukuta wa kituo, wakaondoka pamoja. Sajini alipita karibu yao amekumbatia picha mpya iliyofunikwa gazeti. Ilikuwa picha ya kwanza ambayo Msanii aliwahi kuipiga kwa mkono wake, na mzee alisema kweli, hakuwa na haja ya kuiba.